Printa ya mtandao imegoma kwenye Linux: tafuta anwani kabla ya kutafuta draiva

Swali: "Nina stesheneri ndogo Morogoro, karibu na chuo. Mwaka huu nilihamisha kompyuta zangu 3 kwenda Linux Mint kwa sababu flashi za wanafunzi zilikuwa zinanijazia virusi kila wiki. Printa yangu ni ya leza, nyeusi na nyeupe, inatumia Wi-Fi. Fundi aliiunganisha na ikafanya kazi vizuri siku kadhaa. Jumamosi umeme ulikatika. Uliporudi, kompyuta zote zikawa zinapokea kazi lakini karatasi haitoki. Fundi ameiondoa printa na kuiweka upya mara 4. Mara moja tu ilitoa kitu, nacho kilikuwa kurasa zaidi ya 30 za herufi zisizosomeka. Cha ajabu, simu yangu inaprinti bila shida. Fundi anasema Linux na printa haviivi chungu kimoja, nirudi Windows. Ni kweli?"

Jibu:

Dada, si kweli. Naomba usimruhusu mtu afute chochote kwenye kompyuta zako wiki hii. Umetaja mambo mawili yanayotosha kuonyesha tatizo liko wapi, na yote mawili ni habari njema.

La kwanza ni simu. Hakuna fundi aliyeiwekea simu yako draiva ya printa hiyo, yaani programu ya kukiwezesha kifaa kuongea na printa ya aina fulani. Huduma ya kuchapisha iliyomo ndani ya simu huongea na printa kwa itifaki iitwayo IPP, lugha ya pamoja ambayo printa nyingi za mtandao za miaka ya karibuni zinaielewa. Linux inaijua lugha hiyohiyo. Kwa hiyo printa yako ni nzima, na uwezo wa kuiprintia bila draiva upo.

La pili ni zile kurasa 30. Najua ziliuma, maana karatasi na tona ni fedha. Lakini ili zitoke, kompyuta ilibidi iifikie printa kwanza. Takataka nazo zinahitaji njia ya kupita. Maana yake, safari ile moja fundi alipata njia sahihi akatumia lugha isiyo sahihi. Zile safari nyingine tatu, kwa dalili ulizonieleza, alikuwa anapiga hodi kwenye nyumba ambayo mpangaji ameshahama. Hayo ni makosa mawili tofauti. Yalipochanganyika, kila jaribio likaonekana ni ushahidi kwamba Linux ndiyo mbovu.

Nimeliona jambo hili mara nyingi, na mara ya kwanza lilinigharimu siku nzima. Nilikuwa kwenye ofisi moja Dodoma, napakua draiva moja baada ya nyingine, huku printa imekaa mezani ikiwa na anwani mpya ambayo sikuwa nimeiuliza. Tangu siku hiyo sigusi draiva kabla sijajua printa inakaa wapi kwenye mtandao.

Nini kilitokea Jumamosi

Kila kifaa kinachoingia kwenye Wi-Fi yako, iwe kompyuta, printa au simu ya mteja, hupewa na rauta namba ya kukitambulisha, ndiyo anwani ya IP. Namba hiyo ni ya kuazima. Rauta huiandika kwenye daftari lake, lakini rauta nyingi ndogo, hasa zile za kuweka laini ya simu, hazihifadhi daftari hilo zikizimika. Umeme ukirudi, vifaa vyote vinaamka pamoja na kila kimoja kinaomba namba upya. Tuseme printa yako ilikuwa 192.168.1.34. Ikaamka ikapewa 192.168.1.37, na ile 34 sasa huenda ni simu ya mwanafunzi aliyekaa kwenye benchi lako akisubiri kopi. Kompyuta zako hazina habari. Zinaendelea kutuma kazi kwa 34, hazijibiwi, na foleni (printa kama ilivyosajiliwa ndani ya kompyuta, pamoja na kazi zinazoisubiri) inajaa. Simu haikupata shida hiyo kwa sababu haikariri namba: kila unapoprinti inaita mtandaoni, "Nani hapa ni printa?", na printa inajibu ikitaja anwani yake ya sasa.

Anza na printa yenyewe

Acha kompyuta kwanza. Nenda kwenye printa uitoe ukurasa wa taarifa za mtandao. Kama ina kioo kidogo, ukurasa huo umo kwenye menyu ya mtandao au ya ripoti. Kama haina kioo, mara nyingi unashikilia kitufe cha taarifa au cha Wi-Fi kwa sekunde chache. Kwenye ukurasa huo tafuta mambo matatu: jina la Wi-Fi iliyounganishwa, anwani ya IPv4, na anwani ya MAC, ambayo ni herufi na tarakimu 12 zisizobadilika.

Angalia jina la Wi-Fi kwa makini, maana hapo ndipo dalili ya simu inaweza kunidanganya. Printa nyingi hurusha pia Wi-Fi yake binafsi, ambayo jina lake kwa kawaida huanza na DIRECT. Kama simu yako ilijiunga na hiyo, inaprinti moja kwa moja bila kupita kwenye rauta, na haithibitishi chochote kuhusu mtandao wa duka. Hakikisha simu iko kwenye Wi-Fi ya kawaida, kisha jaribu tena kuprinti ukurasa mmoja.

Kama anwani ya printa inaanza na 169.254, printa haikupewa namba na rauta, imejitungia yenyewe. Izime, hakikisha rauta imewaka kabisa, kisha iwashe.

Sasa kaa kwenye kompyuta mojawapo, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na uandike:

hostname -I

ping -c 4 192.168.1.37

Badala ya namba yangu weka iliyoko kwenye ukurasa wako. Amri ya kwanza inakupa anwani ya kompyuta. Kwenye mtandao wa duka kama lako, sehemu tatu za mwanzo zinapaswa kulingana na za printa. Amri ya pili inagonga mlango wa printa mara 4. Ukipata majibu, njia ipo. Kisha uliza kompyuta inadhani printa iko wapi:

lpstat -v

Natarajia uone mstari unaofanana na huu:

device for Leza: socket://192.168.1.34:9100

Weka ukurasa wa printa pembeni ya kioo cha kompyuta, ulinganishe. Kama upande mmoja ni 34 na mwingine ni 37, umeshampata mchawi wako bila kugusa draiva hata moja.

Kama ping haijibu ingawa namba ni sahihi, uliza swali moja kabla ya lingine lolote: je, printa iko kwenye Wi-Fi ya wateja? Rauta nyingi zina Wi-Fi ya wageni, na kazi ya hiyo ni kuzuia vifaa visionane. Ni ulinzi mzuri, lakini printa ikiwekwa huko, kompyuta zako hazitaiona kamwe. Irudishe kwenye Wi-Fi ya duka, wateja wabaki kwenye yao.

Ipe printa anwani ya kudumu

Hapa ndipo kazi halisi ilipo, na fundi wengi wanaparuka. Ukirekebisha foleni leo kwa kuandika 37, umeme ukikatika tena utarudi ulikoanzia.

Njia ninayoipenda ni kuifanyia kwenye rauta. Fungua Firefox, andika anwani ya rauta (imebandikwa chini yake, mara nyingi ni 192.168.1.1 au inayofanana nayo), ingia kwa nywila yake, tafuta sehemu ya DHCP, ndiyo inayogawa anwani. Humo kuna mahali pa kuifunga anwani moja kwa kifaa kimoja. Andika MAC ya printa na namba unayotaka iwe yake daima, mfano 192.168.1.200. Zima printa, iwashe, toa tena ule ukurasa wa taarifa. Ukisoma 200, umemaliza.

Kama rauta yako haina sehemu hiyo, na zipo zisizo nayo, iandike anwani kwenye printa yenyewe, kwa mkono. Angalia kwanza rauta inagawa kuanzia namba gani hadi gani, uchague iliyo nje ya hapo. Ikigawa 100 hadi 199, chukua 200. Ukichukua iliyo ndani, iko siku rauta itaigawa kwa simu ya mtu, na vifaa viwili vyenye namba moja ni ugomvi ambao hata fundi mzoefu huchukua muda kuugundua.

Watu wengine watakushauri utumie jina la printa, lile linaloishia na .local, badala ya namba. Ni njia halali, na kwenye ofisi kubwa yenye vifaa vizuri naitumia. Kwa duka lako siishauri. Majina hayo yanategemea matangazo yanayosambazwa kwa vifaa vyote vya mtandao, na baadhi ya rauta za bei ndogo hazipitishi vizuri matangazo hayo kati ya kompyuta za waya na vifaa vya Wi-Fi. Namba moja ya kudumu haina mambo mengi.

Futa foleni za zamani, tengeneza moja

Baada ya majaribio manne ya fundi, nina hakika kompyuta zako zina foleni kadhaa zenye majina yanayofanana, na mfanyakazi wako anachagua yoyote inayotokea. Ziorodheshe, kisha ufute moja moja, ukiandika jina la kila foleni badala ya Leza:

lpstat -p

sudo lpadmin -x Leza

Sasa tengeneza mpya, mstari mmoja tu:

sudo lpadmin -p stesheneri -E -v ipp://192.168.1.200/ipp/print -m everywhere

Nitaufafanua, kwa sababu sipendi mtu aandike amri asiyoijua kwenye kompyuta inayomlisha. Neno sudo linaomba ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, na amri lpadmin ni ya kusimamia foleni za printa. Baada ya -p unaandika jina la foleni, lisilo na nafasi katikati. Alama -E inafungua foleni na kuiruhusu ipokee kazi. Lazima ije baada ya jina, kwani ikitangulia ina maana nyingine kabisa, na foleni yako itabaki imefungwa. Baada ya -v ni anwani. Na -m everywhere ndiyo roho ya jambo lote: inaiambia kompyuta isitafute draiva, iiulize printa yenyewe.

Kompyuta itaenda kwenye mlango namba 631 wa printa na kuuliza: unaelewa mafaili ya aina gani, una trei ngapi, unachapa pande mbili, karatasi za ukubwa gani? Printa inajibu, na foleni inajengwa kwa majibu hayo. Kama amri italalamika kwamba haikufika, huenda printa yako inatumia njia tofauti kidogo na /ipp/print. Iulize:

sudo apt install cups-ipp-utils

ippfind

Utaletewa anwani kamili ya kila printa inayojitangaza. Angalia inaishia na nini baada ya 631, uandike hivyohivyo kwenye amri ya juu.

Jaribu kwa karatasi moja tu, umeshapoteza za kutosha:

sudo lpadmin -d stesheneri

lp -P 1 barua.pdf

Amri ya kwanza inaifanya foleni hii kuwa ya kawaida, ya pili inatoa ukurasa wa 1 pekee wa faili lako. Ikitoka safi, rudia kwenye kompyuta mbili zilizobaki. Haya yote yanafanyika pia kwa kubofya, kwenye dirisha la printa la Linux Mint au kwa kufungua localhost:631 ndani ya Firefox. Nimekuandikia amri kwa sababu unaweza kuzihifadhi kwenye faili, na siku ukinunua kompyuta ya nne utazirudia bila kubahatisha.

Usikubali pia ushauri wa kuunganisha kompyuta moja na printa halafu nyingine zipitie hapo. Siku hiyo moja ikizimwa, duka zima linasimama. Kila moja iende kwa printa yenyewe.

Zile herufi za ajabu

Kama hujazitupa zote, chukua ukurasa wa kwanza usome mstari wa juu. Ukikuta %!PS-Adobe, kompyuta ilikuwa inatuma PostScript kwa printa isiyoijua lugha hiyo, nayo ikachapa maagizo yenyewe kama maandishi, neno kwa neno. Ukikuta @PJL, ni maagizo ya kufungulia kazi ambayo yamechapwa badala ya kutiiwa. Ukikuta fujo tupu, ilikuwa picha iliyotayarishwa kwa printa ya aina nyingine.

Sababu ya printa kukubali upuuzi huo ni ule mlango wa 9100 tuliouona kwenye socket. Mlango huo hauulizi chochote, ukitupiwa kitu unakimeza. IPP ni mazungumzo: printa inaweza kukataa faili isilolielewa kabla ya kula karatasi hata moja. Kwa biashara inayouza kwa ukurasa, hiyo peke yake inatosha kuchagua IPP.

Na siku ikitokea tena kwa bahati mbaya, usikimbilie kompyuta. Vuta trei ya karatasi nje kwanza. Kisha futa kazi zote:

cancel -a stesheneri

Zima printa isahau kilichobaki kichwani mwake, iwashe, ndipo urudishe trei.

Foleni iliyofungwa na karatasi ya Marekani

Mambo haya mawili yatakusumbua hata baada ya kila kitu kuwa sawa, kwa hiyo yajue mapema.

CUPS, ambayo ndiyo programu inayosimamia uchapishaji kwenye Linux, ikipata kosa kubwa inaweza kuisimamisha foleni. Printa ikipona, foleni haijifungui. Utaona printa inawaka kijani, kompyuta inapokea kazi, na hakuna kinachotoka. Andika lpstat -p. Ukiona neno disabled, ndiyo hali hiyo. Lakini usiifungue haraka. Wateja na wafanyakazi hubofya kitufe cha kuprinti mara 5 au 6 wakiona kimya, na ukifungua foleni zote zitamwagika kwa pamoja. Futa kazi zilizorundikana kwa cancel -a, kisha:

sudo cupsenable stesheneri

sudo lpadmin -p stesheneri -o printer-error-policy=retry-job

Mstari wa pili unabadilisha tabia: badala ya kufunga foleni, CUPS inajaribu tena kazi iliyoshindikana. Kwa kawaida husubiri sekunde 30 kila safari, na hurudia mara 5 kabla ya kukata tamaa. Mahali ambapo umeme huja na kuondoka, naiweka hivyo kila mara.

La pili ni ukubwa wa karatasi, na kwa stesheneri iliyo karibu na chuo ni balaa la kila siku. Karatasi yetu ni A4, milimita 210 kwa 297. Marekani wanatumia iitwayo Letter, milimita 216 kwa 279. Vielelezo vingi vya wasifu wa kazi ambavyo wanafunzi wanavipakua vimetengenezwa kwa Letter. Faili likifika, printa inatafuta Letter, haina, inasimama na taa inapepesa ikisubiri karatasi ambayo hata dukani kwako haiuzwi. Mtu asiyejua ataanza tena kulaumu mtandao. Weka A4 iwe ndiyo ya kawaida:

sudo lpadmin -p stesheneri -o PageSize=A4

Na faili la mteja likiwa la Letter, litoe hivi:

lp -d stesheneri -o media=A4 -o fit-to-page wasifu.pdf

Kama printa yako haijui IPP

Sidhani, kwa sababu ya simu. Lakini kama umeikagua ile Wi-Fi ya DIRECT na ikaonekana simu ilikuwa inatumia programu ya mtengenezaji peke yake, draiva inarudi kuwa na maana. Hata hapo usiitafute kwenye tovuti za ovyo. Kwa HP kuna HPLIP, ambayo huja na Linux Mint. Andika hp-setup ikifuatiwa na anwani ya printa. Kwa Epson nyingi sakinisha kifurushi cha printer-driver-escpr, kwa leza nyingi za Brother kuna printer-driver-brlaser, vyote kwa apt. Canon ana draiva za Linux kwenye tovuti yake mwenyewe. Anwani ya kudumu bado ni lazima. Draiva nzuri kuliko zote haiwezi kuitafuta printa iliyohama.

Faragha ya wateja wako

Hukuuliza, lakini siwezi kuliacha. Kwenye printa yako vinapita vyeti, mikataba, nakala za vitambulisho vya NIDA. CUPS kwa kawaida hubaki na mafaili yaliyochapishwa kwa siku 1 nzima baada ya kazi kuisha. Ziambie kompyuta zako zisiyatunze:

sudo cupsctl PreserveJobFiles=No

Weka nywila kwenye ukurasa wa mipangilio wa printa, ule unaoufungua kwa kuandika anwani yake kwenye Firefox. Na zima huduma iitwayo cups-browsed, ambayo kwa mpangilio huu huna haja nayo. Septemba 2024 mtafiti Simone Margaritelli alitangaza udhaifu mkubwa ndani yake, uliomwezesha mtu kuiingizia kompyuta printa bandia na kuitumia kuendesha amri zake. Marekebisho yalitolewa, lakini huduma isiyotumika haina sababu ya kuachwa wazi:

sudo systemctl disable --now cups-browsed

Kuhusu maneno ya fundi wako

Usimkasirikie. Anachokisema kilikuwa na ukweli wakati fulani. Zamani kila printa ilikuwa na lugha yake, watengenezaji wengi waliandika draiva za Windows tu, na mtumiaji wa Linux alibahatisha. Fundi waliojifunza wakati huo bado wanakumbuka maumivu hayo.

Lakini CUPS ilitolewa na Michael Sweet mwaka 1999, na ilisimama juu ya IPP tangu mwanzo. Apple waliiingiza kwenye Mac OS X mwaka 2002, wakainunua mwaka 2007. Kompyuta za Mac ambazo wabunifu wa matangazo wanazisifu hapo mjini zinaprinti kwa CUPS, mzizi uleule ulio kwenye kompyuta zako. Mwaka 2010 Apple wakaleta AirPrint kwa ajili ya simu, na wenye simu walipotaka kuprinti bila draiva, watengenezaji wa printa walilazimika kujifunza lugha ya pamoja. Mwaka 2013 ukatoka mpango wa wazi wa IPP Everywhere, ndio ile -m everywhere uliyoiandika. Leo kazi hiyo inaendelezwa na kikundi cha OpenPrinting kinachoongozwa na Till Kamppeter, na wanakoelekea ni kuacha kabisa draiva za mtindo wa zamani.

Kuna jambo lingine linalonigusa kila nikisikia kwamba Linux na printa haviivi. Karibu mwaka 1980, kwenye maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT huko Marekani, Richard Stallman alikuwa ameizoeza printa ya zamani kuwajulisha watu karatasi zikikwama. Ikaletwa printa mpya ya leza ya Xerox, na programu yake ilikuja imefungwa: hakuweza kuisoma wala kuirekebisha, na aliyekuwa nayo alikataa kumpa kwa sababu ya mkataba wa siri. Stallman amesimulia kisa hicho mara nyingi kama moja ya mambo yaliyomsukuma kutangaza mradi wa GNU, wa programu huru, mwaka 1983, na GNU ni sehemu kubwa ya mfumo unaoutumia sasa. Watu walioujenga mfumo huu walitaka fundi wa Morogoro aweze kufungua, kuuliza na kurekebisha. Mwonyeshe fundi wako amri ya lpstat -v. Akiielewa hiyo, atakuwa msaada kwa maduka mengine mtaani kwenu.

Ukifuata haya na karatasi bado haitoki, usirudie kuweka na kuondoa. Andika sudo cupsctl --debug-logging, tuma ukurasa mmoja, kisha andika sudo tail -n 40 /var/log/cups/error_log. Niletee mistari hiyo 40 pamoja na picha ya ule ukurasa wa mtandao wa printa, ukiwa umeifunika nywila ya Wi-Fi kama imeandikwa humo. Ukishamaliza, andika sudo cupsctl --no-debug-logging ili kumbukumbu zisijaze diski. Na leo kabla ya kufunga duka, bandika karatasi ndogo ubavuni mwa printa: anwani yake mpya, jina la foleni, na tarehe uliyoiweka.